Nebraska wanaililia zamani, lakini zamani ipi?

Kila msimu wa vuli, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska ikishapoteza mchezo wa tatu au wa nne, mabishano yaleyale huanza upya: nani aliiua timu hii? Wazee wengi hutaja mwaka 2003. Wengine hutaja 2014. Wapo wanaorudi nyuma hadi 1996, wakiapa kwamba mambo yaliharibika siku timu ilipoingia ligi ya Big 12. Vijana waliozaliwa baada ya ubingwa wa mwisho huwasikiliza na kuuliza kama hayo wanayosimuliwa yalitokea kweli.

Yalitokea. Nebraska ilikuwa bingwa wa taifa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo mwaka 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997, ingawa taji hilo la mwisho iligawana na Michigan. Tangu 1962 hadi 2003 haikumaliza hata msimu mmoja ikiwa imefungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Halafu neema ikakatika. Taji la mwisho la ligi ni la 1999. Kuanzia 2017 hadi 2023 timu ilikaa misimu saba mfululizo bila kualikwa kwenye mchezo wa mwisho wa mwaka, mwaliko ambao kwa kawaida hupatikana kwa kushinda michezo sita tu kati ya kumi na miwili.

Nimefuatilia mabishano haya kwa muda mrefu na nayaheshimu, maana wanaobishana wanaipenda timu yao kwa dhati. Lakini naona karibu kila upande unalilia kipande cha zamani ambacho hakiwezi kurudi, na kukipita kile ambacho kilikuwa mikononi mwao wenyewe.

Kwa msomaji ambaye kwake michezo ya vyuo ni jambo la wanafunzi wenyewe, inafaa kueleza uzito wa suala hili. Nebraska ni jimbo la mashamba ya mahindi na ng'ombe, lenye watu wapatao milioni 2. Halina timu ya kulipwa, si ya futiboli (NFL) wala ya mpira wa kikapu (NBA). Lina timu hii moja, na Jumamosi ya mchezo Memorial Stadium mjini Lincoln hujaa watu zaidi ya elfu 80, kiasi kwamba uwanja wenyewe unakuwa kama mji wa tatu kwa ukubwa jimboni, nyuma ya Omaha na Lincoln. Tiketi za kila mchezo wa nyumbani zimekuwa zikiisha tangu Novemba 3, 1962, na idadi hiyo imeshavuka michezo 400. Miaka ya karibuni, tiketi zilipoelekea kubaki, wafadhili walizinunua na nyingine kugawiwa watoto wa familia zisizo na uwezo, ili mfululizo usikatike. Watu wanaofanya hivyo hawataki kuona kitu kingine kikifa mikononi mwao.

Kambi ya kwanza katika mabishano ni ya wanaotaka mchezo wa kale urudi. Wanauita opsheni. Kwatabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, anaukimbiza mpira kuelekea pembeni huku jicho lake likiwa kwa mlinzi mmoja tu. Mlinzi akimvamia, anaurusha mpira kwa mkimbiaji aliye ubavuni. Mlinzi akimfuata mkimbiaji, kwatabeki anabaki nao na kukata ndani. Mlinzi hana jibu sahihi. Kwa mchezo huo, timu ya 1995 ilifunga wastani wa pointi zaidi ya 50 kwa mchezo.

Anayetaka kuelewa kwa nini watu hawa hawaponi na aitazame Fiesta Bowl, mchezo wa mwisho wa mwaka ulioamua ubingwa, ya Januari 2, 1996, dhidi ya Florida. Ni robo ya tatu. Tommie Frazier, kwatabeki, anakwenda kulia, anabaki na mpira, na baada ya yadi chache anaingia katikati ya kundi la walinzi. Wanamshika. Mmoja anateleza kiunoni, wawili wanagongana, mwingine anabaki na hewa mikononi. Frazier hasimami. Miguu inaendelea kukanyaga, anachomoka kutoka kwenye rundo lile kama aliyesukumwa kwa nyuma, halafu anakimbia peke yake hadi mwisho wa uwanja: yadi 75. Mchezo uliisha 62 kwa 24. Florida haikuwa timu ndogo. Iliingia siku ile ikiwa haijafungwa na mtu.

Mkanda wa mbio hizo umechezwa maelfu ya mara kwenye nyumba za Nebraska, na ninaelewa kwa nini. Lakini anayesema "turudini kwenye opsheni" anatazama sekunde kumi za mwisho za kazi iliyochukua miaka mingi. Mwaka 1969 Nebraska ilimwajiri Boyd Epley kusimamia mazoezi ya nguvu, wakati makocha wengi nchini bado waliamini kwamba vyuma vinamfanya mchezaji awe mzito. Wanaume walioshindwa kumwangusha Frazier walikuwa wanakutana na matunda ya uamuzi wa robo karne nyuma. Kocha Tom Osborne naye aliendesha mazoezi katika vituo kadhaa kwa wakati mmoja, ili hata kijana wa kikosi cha nne asisimame pembeni akitazama. Katika vyuo vingi, wachezaji wa akiba walikuwa wanashika vifaa. Lincoln walikuwa wanacheza mchezo uleule wa Jumamosi, mara kwa mara, hadi mwili unaujua.

Na vijana hao walikuwa wengi. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo mashabiki wanapopita haraka mno. Nebraska ilijenga utaratibu wa wachezaji wanaojileta wenyewe, bila ufadhili wa masomo: mtoto wa mkulima kutoka mji wa watu mia chache, asiyetafutwa na chuo chochote kikubwa, anakuja Lincoln kwa gharama ya wazazi wake, anafanya mazoezi miaka miwili au mitatu bila kuonekana, na mwaka wa nne anaanza mbele ya umati wote ule. Joel Makovicka alitoka Brainard, mji mdogo kabisa, akajileta, akawa mkimbiaji wa kutegemewa katika timu za ubingwa za miaka ya 1990. I. M. Hipp alisafiri kutoka South Carolina bila ahadi ya ufadhili na mwishoni mwa miaka ya 1970 akawa mmoja wa wakimbiaji hatari zaidi nchini. Kila mji mdogo wa jimbo ulikuwa na mtoto wake ndani ya kikosi, au ulikuwa na matumaini ya kuwa naye. Hivyo ndivyo timu ilivyokuwa ya jimbo zima.

Kambi ya pili inawalaumu wakubwa wa ofisini, na ina ushahidi. Mwishoni mwa Novemba 2003, mkurugenzi wa michezo Steve Pederson alimtimua Frank Solich, mrithi wa Osborne, timu ikiwa imeshinda michezo tisa na kupoteza mitatu. Pederson alisema hataiacha timu iteleze kuelekea hali ya wastani. Msimu uliofuata, chini ya Bill Callahan aliyetoka NFL, Nebraska ilishinda mitano na kupoteza sita. Ukawa msimu wa kwanza wa hasara tangu 1961, na miaka 35 mfululizo ya kualikwa michezo ya mwisho wa mwaka ikaishia hapo. Mwaka 2007 Kansas, timu ambayo kwa vizazi vizima ilikuwa ya kufungwa tu, iliifunga Nebraska 76 kwa 39.

Haki inataka tuseme yote. Dalili zilikuwepo kabla ya Solich kuondoka. Mwishoni mwa 2001 Colorado iliifunga timu yake 62 kwa 36, na ingawa kompyuta zilizopanga timu kwa ubora wakati ule ziliipeleka Nebraska kucheza fainali ya taifa, Miami iliinyoosha 37 kwa 14. Msimu wa 2002 uliisha kwa ushindi saba na vipigo saba. Mtu mwenye macho angeona kwamba usajili wa vijana umelegea. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Pederson aliharibu nyumba iliyokuwa nzima. Nyumba ilikuwa na ufa. Alichofanya ni kubomoa ukuta wote ili kuziba ufa huo. Mfumo wa mchezo ulibadilishwa, wasaidizi wa miaka mingi wakaondolewa, na wale wanaojileta wenyewe wakapoteza nafasi yao ya heshima.

Halafu kosa likarudiwa. Bo Pelini alikaa misimu saba, 2008 hadi 2014, na hakuna msimu aliopata ushindi chini ya tisa. Alikuwa mtu wa hasira, mwenye maneno makali, na timu yake ilikuwa na tabia ya kuporomoka vibaya mbele ya kamera za nchi nzima. Alitimuliwa. Aliyekuja, Mike Riley, alishinda michezo 19 na kupoteza 19. Tangu 1962 hadi 2003 Nebraska ilikuwa na makocha wakuu watatu kwa misimu 42. Tangu 2004 imekuwa nao watano kwa misimu 22. Kila kocha anakuja na mfumo wake na wachezaji wa aina yake, na vijana waliosajiliwa kwa mfumo mmoja wanajikuta wanasomea mwingine.

Wanaomlaumu Pederson hupenda kusema kwamba enzi za makocha Devaney na Osborne ushindi ulizaa uvumilivu. Historia inasema kinyume, na hapa ningependa kukaa kidogo.

Bob Devaney alikuja kutoka Wyoming mwaka 1962. Aliikuta timu iliyokuwa imedharauliwa. Mwaka 1957 ilishinda mchezo mmoja kati ya kumi. Aliibadilisha papo hapo, na kwa miaka mitano watu wakamwona mkombozi. Kisha 1967 na 1968 akapata ushindi 6 na vipigo 4 mara mbili mfululizo, na mwaka huo wa pili Oklahoma ikamfunga 47 kwa 0. Wapo waliotaka aondoke, waliosema mchezo umempita. Devaney hakuondolewa. Alimkabidhi kijana msaidizi wake, Osborne, kazi ya kuupanga upya mchezo wa mashambulizi. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa taifa. Novemba 25, 1971, siku ya Shukrani, aliifunga Oklahoma ileile kwao Norman, 35 kwa 31, katika mchezo ambao Wamarekani wengi bado wanauita mchezo wa karne.

Osborne alipokea timu mwaka 1973, na alifungwa na Oklahoma mara tano mfululizo, 1973 hadi 1977. Leo sanamu yake iko nje ya uwanja, jina lake limeandikwa kwenye nyasi za Memorial Stadium, na jimbo liliwahi kumpeleka Bunge la Marekani. Lakini wakati ule alikuwa kocha asiyejua kushinda mchezo mkubwa. Mwishoni mwa 1978 alikwenda kuwasikiliza Colorado, waliomtaka, na karibu aondoke. Alibaki. Hata hivyo taji halikuja. Januari 2, 1984, alikuwa na timu ambayo haijafungwa, inacheza na Miami katika mji wa Miami. Zikiwa zimebaki sekunde 48, Nebraska ilifunga na matokeo yakawa 31 kwa 30. Pigo moja rahisi la mguu lingeleta sare, na sare karibu ingempa ubingwa wake wa kwanza. Osborne aliagiza jaribio la pointi mbili, ambalo lingempa ushindi kamili. Kwatabeki wake, Turner Gill, akarusha, mkono wa mlinzi ukaugusa mpira, ukaanguka. Mchezo ukaisha, ubingwa ukaenda Miami.

Baada ya hapo, kati ya 1988 na 1994, alipoteza michezo saba mfululizo ya mwisho wa mwaka. Mitano ya mwanzo ya miaka ya 1990 ingetosha kabisa, kwa vigezo vya leo, kumfukuza mtu yeyote. Ubingwa wake wa kwanza ulikuja katika msimu wake wa 22. Misimu minne tu, ukihesabu na huo, akawa amestaafu akiwa na mataji matatu, ushindi 255, vipigo 49 na sare tatu.

Shabiki anayemtaja Osborne kama kipimo cha kumhukumu kocha wa sasa anapaswa kujiuliza angefanya nini mwaka 1977. Wengi wangemtimua, kwa sababu wanatimua kwa makosa madogo kuliko yale. Zamani wanayoililia ilijengwa na uongozi uliokataa kuwasikiliza mashabiki wa wakati huo.

Kuna kambi ya tatu, na hii ina watu wasomi zaidi. Wanasema dunia ilibadilika na hapana la kufanya. Hadi mwanzo wa miaka ya 1970 hapakuwa na kikomo cha kitaifa cha ufadhili wa wachezaji. Kikaja 105, kisha 95 mwaka 1978, kisha 85 mwaka 1994. Nebraska haikuweza tena kurundika vipaji. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliivunjia NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, mamlaka yake juu ya matangazo ya televisheni. Zamani timu chache ndizo zilizoonekana kwenye runinga, na Nebraska ilikuwa miongoni mwao. Baadaye kila chuo kikaonekana. Big 12 ilipoanza 1996, mchezo wa kila mwaka dhidi ya Oklahoma ulikatwa. Mwaka 2011 timu ikahamia ligi ya Big Ten na kuipa mgongo Texas, ilikokuwa ikitafuta wachezaji. Jimbo lenyewe halizai vipaji vya kutosha, na kijana wa Florida au Georgia havutiwi na baridi ya Novemba.

Yote hayo ni kweli. Tatizo ni kwamba hayaelezi Iowa wala Wisconsin.

Barry Alvarez alicheza ulinzi Nebraska chini ya Devaney katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1990 alipewa Wisconsin, timu iliyokuwa imeoza, na katika msimu wa kwanza alishinda mchezo mmoja na kupoteza kumi. Hawakumfukuza. Alichukua aliyoyaona Lincoln: wazuiaji wakubwa wa kumfungulia njia mkimbiaji, waliolelewa jimboni, vijana wanaojileta wenyewe, mchezo wa kukimbia na mpira hadi mpinzani achoke. Januari 1, 1994, alishinda Rose Bowl, mmoja wa michezo mikubwa ya mwisho wa mwaka. Desemba 2012, katika fainali ya Big Ten, Wisconsin ilikutana na Nebraska na kuifunga 70 kwa 31, ikikimbia na mpira karibu mchezo mzima. Siku ile Nebraska ilipigwa kwa silaha iliyotengenezwa nyumbani kwake.

Kirk Ferentz alianza Iowa mwaka 1999 kwa ushindi mmoja na vipigo kumi. Mwaka wa pili tatu kwa tisa. Wangeweza kumwondoa na hakuna ambaye angewalaumu. Alipewa muda, na Iowa, jimbo jirani lenye baridi ileile na upungufu uleule wa vipaji, imekuwa ikishinda michezo minane au tisa kwa mazoea. Si bingwa wa taifa. Lakini mwaka 2023 na 2024, ilipokutana na Nebraska katika mchezo wa mwisho wa msimu, iliifunga mara zote mbili 13 kwa 10, kwa pigo la mguu la dakika za mwisho kabisa. Kuwalaumu wabunge wa NCAA kwa kipigo cha 13 kwa 10 kutoka kwa jirani ni kukwepa.

Tamaa ya zamani ilifika kilele mwaka 2018, Scott Frost aliporudi. Mcheza kwao hutunzwa. Alizaliwa Lincoln, alikuwa kwatabeki wa ubingwa wa 1997, na alitoka UCF, chuo cha Florida ya Kati, alikomaliza msimu wa 2017 bila kufungwa. Hakuna aliyeuliza maswali magumu. Alipata ushindi 16 na vipigo 31. Msimu wa 2021 alifungwa michezo tisa, yote kwa tofauti ya pointi chini ya kumi, jambo ambalo mashabiki walilitafsiri kama bahati mbaya. Sikuliona hivyo. Timu inayopoteza kwa namna hiyo wiki baada ya wiki haijafundishwa kumaliza mchezo.

Agosti 27, 2022, mjini Dublin, Nebraska ilikuwa mbele ya Northwestern 28 kwa 17 katika robo ya tatu. Wapinzani walikuwa wanalegea. Frost aliamua kuanzisha mpira kwa pigo fupi ili timu yake iuwahi tena. Northwestern iliuokota, ikafunga, ikashinda 31 kwa 28. Wiki mbili baadaye Georgia Southern ilishinda Lincoln 45 kwa 42, na kesho yake Frost akaondoka na fidia ya dola milioni 15. Kama chuo kingesubiri hadi Oktoba 1, kingelipa nusu yake. Uongozi ulikuwa tayari kulipa milioni saba na nusu ili kununua wiki tatu. Hiyo ndiyo bei ya kukosa subira, na iliandikwa kwenye mkataba ikaonekana wazi.

Frost hakupewa kazi kwa kuwa alikuwa kocha bora aliyepatikana. Alipewa kwa kuwa alifanana na kumbukumbu. Nasema hili kwa masikitiko, kwa kuwa naye aliumizwa na jambo hilo kuliko wengi.

Lipo jambo ambalo wazee hawapendi liguswe. Timu ya 1995, ambayo wengi wanaiita bora kuliko zote katika historia ya mchezo huu, ilikuwa na mkimbiaji aitwaye Lawrence Phillips. Septemba mwaka huo alikamatwa kwa kumshambulia msichana aliyekuwa mpenzi wake. Osborne alimsimamisha, kisha akamrudisha kikosini Novemba, na usiku wa Fiesta Bowl Phillips alianza mchezo. Osborne alieleza kwamba kijana yule, aliyekulia bila malezi, angepotea kabisa akitengwa na timu. Naamini alimaanisha alichosema. Hata hivyo uamuzi ule ulikuwa mbaya. Msichana aliyepigwa alisoma chuo kilekile na alilazimika kutazama jimbo zima likimshangilia aliyempiga. Phillips mwenyewe alifia gerezani mwaka 2016. Anayesimulia zamani kama wakati wa nidhamu na heshima aisimulie na sehemu hiyo.

Turudi kwenye leo. Matt Rhule aliajiriwa Novemba 2022. Ushindi tano mwaka 2023, kisha saba mwaka 2024, pamoja na mwaliko wa kwanza tangu 2016 na ushindi wa 20 kwa 15 dhidi ya Boston College huko New York. Mwaka 2025 saba tena. Sehemu moja ya mashabiki imeshaanza kunong'ona. Inasema ushindi saba ndiyo ile hali ya wastani ambayo Pederson aliikataa, na wakati ule ilikuwa tisa.

Mimi nasema abaki, lakini si kwa sababu ya upole. Vitu viwili nitavitazama. Cha kwanza ni mstari wa wazuiaji: je, kijana aliyeingia mwaka 2023 akiwa mwembamba amekuwa mtu wa kumsukuma mlinzi wa Iowa kufikia 2026, au bado timu inanunua wazuiaji kutoka vyuo vingine kila dirisha la uhamisho linapofunguliwa? Cha pili ni michezo ya karibu. Mwaka 2023 timu ya Rhule ilihitaji ushindi mmoja tu katika michezo minne ya mwisho ili ialikwe, ikapoteza yote minne, mitatu kwa pointi tatu na mmoja kwenye muda wa ziada. Hilo lilikuwa gonjwa la Frost lililobaki ndani ya kuta. Likiendelea kuonekana mwaka wake wa nne na wa tano, wanaomlalamikia watakuwa na hoja.

Wakati wanabishana juu ya Rhule, kitu kikubwa zaidi kimepita na wachache ndio wamepaza sauti. Juni 2025 jaji aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House (jina la mwanamichezo aliyeshtaki), yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Wachezaji kulipwa ni haki iliyochelewa mno, na sina ugomvi nayo. Lakini makubaliano hayohayo yameweka kikomo cha wachezaji 105 kwa kikosi kizima cha futiboli, wenye ufadhili na wasio nao. Waliokuwemo kabla waliruhusiwa kuendelea bila kuhesabiwa. Wanaokuja sasa watahesabiwa. Nebraska ilizoea kuwa na vikosi vikubwa kuliko hivyo, na wale wa ziada ndio hasa wanaojileta wenyewe kutoka miji ya watu mia chache.

Sheria ni sheria, na chuo hakiwezi kuikataa. Lakini namna ya kuzijaza nafasi 105 ni uamuzi wa Lincoln peke yake. Troy Dannen, mkurugenzi wa michezo wa sasa, na Rhule wanaweza kutangaza kwamba sehemu fulani ya nafasi hizo, ishirini kwa mfano, itakuwa ya vijana wa Nebraska wasiotafutwa na wengine, na kwamba hazitaguswa hata msimu unapokuwa mbaya na kila mtu anadai wanunuliwe wachezaji wa kumaliza mwaka. Itagharimu ushindi mmoja au miwili mwanzoni. Mashabiki wanaotaka zamani irudi wadai hilo kwanza, tena waseme hadharani ni misimu mingapi wako tayari kusubiri kabla ya kijana wa kwanza wa Brainard wa sasa kuwa tayari kuanza.